Umeshtakiwa kwa wizi Mtwara au Lindi: chunga karatasi zako tangu saa ya kwanza

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, na kesi za wizi hufunguka nao. Ghala la chama cha msingi cha ushirika limepungua kilo, mtu amekutwa na gunia usiku njiani, mwingine kanunua kangomba, yaani korosho zinazouzwa kinyemela nje ya chama, bila kujua zimetoka shamba la nani. Nje ya msimu zipo za simu, pikipiki, nyavu na injini za boti, na mfanyakazi wa duka ambaye hesabu yake haikufunga. Wengi wanaokamatwa hujipa moyo kwamba "nitaeleza yote kwa hakimu". Hakimu atakusikiliza, lakini siku hiyo ikifika mezani kwake zipo karatasi zilizoandikwa miezi kadhaa nyuma, na chini ya baadhi yake pana sahihi yako au alama ya dole gumba lako. Mwongozo huu unafuata karatasi hizo tangu ofisi ya kijiji hadi rufaa.

Namba za vifungu tunazotaja ni zile zilizozoeleka kwa miaka mingi. Toleo la sheria la 2023, lililoanza kutumika mwaka 2025, limesogeza namba za baadhi ya sheria, kwa hiyo ukisoma hati yako ya mashtaka ukakuta namba tofauti, linganisha maneno ya kosa.

Kabla polisi hawajafika

Ukizingirwa na watu wanaopiga kelele za mwizi, shughulika na uhai kwanza. Usikimbilie porini wala nyumbani kwako. Kimbilia kituo cha polisi, ofisi ya mtendaji, au nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, na umwombe akupigie simu polisi mbele ya watu. Raia ana ruhusa ya kumkamata mtu, ila anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kupiga na kuchoma moto ni kosa la jinai, na ndugu zako wana haki ya kulifungulia jalada.

Hatari ya pili ni tulivu zaidi. Unaitwa ofisi ya kijiji, wazee wapo, mlalamikaji yupo, na mtu mwenye nia njema anasema, "Mwanangu, andika tu barua ya kuomba radhi, yaishe." Inaandikwa: "Mimi fulani nakiri kuchukua korosho kilo 60 za mzee fulani na naahidi kulipa ifikapo Ijumaa." Ijumaa pesa haijapatikana, mlalamikaji anakwenda polisi, na barua ile inakuwa kielelezo. Kukiri mbele ya mtendaji au mwenyekiti kunaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi hata kama polisi hawakuwepo, na hata maneno ya mdomo yanaweza kushuhudiwa na waliokuwepo.

Kama kweli unataka kulipa ili ujirani usivunjike, sema hivyo kwa maandishi: "Nalipa shilingi kadhaa kumaliza mgogoro baina yetu, bila kukiri kosa lolote." Pande zote mbili ziweke sahihi, mashahidi wawili waandike majina, nawe ubaki na nakala. Ujue pia kwamba kesi ikishafika polisi na kuandikishwa, ni ya Jamhuri. Mlalamikaji kusema "nimemsamehe" kunasaidia, ila hakufuti jalada kwenye kesi ya Mahakama ya Wilaya. Mwenye uwezo wa kuiondoa ni mwendesha mashtaka.

Kama umetajwa na mganga, usikubali kwenda "kuthibitishwa" wala kula kiapo kwake. Utajo wa mganga si ushahidi mbele ya mahakama yoyote, lakini neno utakalolitamka kule kwa hofu linaweza kuletwa na waliolisikia.

Kituoni: saa nne za kwanza

Una haki ya kuambiwa unakamatwa kwa kosa gani. Uliza kwa adabu, na kama kuna ndugu karibu mtajie jina la kituo na saa. Saa ina maana kubwa: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 50, inawapa polisi saa nne za kukuhoji tangu ulipowekwa chini ya ulinzi. Muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria, na muda wa safari ya kukuleta kituoni hauhesabiwi kama wa mahojiano. Aliyekamatwa saa moja asubuhi akaandikwa maelezo saa tatu usiku, bila nyongeza ya muda, ana hoja ya kuyapinga maelezo hayo. Ndiyo maana ndugu aliyeko nje aandike kwenye daftari saa ya kukamatwa na nani alikuwepo.

Maelezo ya onyo, yaani maneno yako yanayoandikwa na polisi baada ya kukuonya, ndiyo karatasi nzito kuliko zote. Kabla ya kuandika, askari anapaswa kukuonya kwamba hulazimiki kusema lolote zaidi ya jina na anwani, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa mahojiano. Sema wazi: "Naomba ndugu yangu awepo." Ukiona huwezi kueleza jambo vizuri kwa hofu au uchovu, kunyamaza ni haki yako. Usitunge. Uongo mdogo wa kituoni, kwa mfano kusema hukuwa Tandahimba siku ile kumbe ulikuwepo, huharibu hata utetezi wa kweli unaokuja baadaye.

Kabla ya kuweka sahihi, soma kila ukurasa. Kama husomi vizuri, omba usomewe, na usomewe yote. Kosea kidogo tu hapa: wewe ulisema "nilikutwa na gunia", kwenye karatasi limeandikwa "niliiba gunia". Omba lisahihishwe na uweke kifupi cha jina lako pembeni ya sahihisho. Ukilazimishwa kwa kipigo, mwambie hakimu siku ya kwanza utakapofikishwa mahakamani, onesha majeraha, na umwombe aandike kwenye mwenendo wa shauri. Ndugu wadai fomu ya PF3 ili hospitali ijaze hali yako. Malalamiko ya kipigo yanayosikika kwa mara ya kwanza mwaka mmoja baadaye hayabebi uzito uleule.

Karatasi nyingine ni hati ya ukamataji mali. Polisi wakipekua nyumba au ghala na kuchukua kitu, inatakiwa iandikwe kilichochukuliwa, na waliokuwepo waweke sahihi, pamoja na shahidi huru kama balozi au mwenyekiti. Angalia maelezo ya mali. "Magunia mawili ya korosho" na "magunia mawili ya katani yenye alama nyekundu X, kilo 78 na 81" ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama yalipimwa, sahihi yako iwe baada ya uzito kuandikwa. Kama hayakupimwa, usijaze wewe.

Polisi wanatakiwa kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24 au kukupa dhamana ya kituo inapowezekana. Dhamana ni bure. Anayekuomba "hela ya mafuta ya gari" au "ya karatasi" anaomba rushwa. TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Umeshtakiwa kwa kosa lipi hasa?

Neno "wizi" kijiweni ni moja, ila kwenye Kanuni ya Adhabu limegawanyika, na adhabu zake hazifanani. Wizi wa kawaida, kifungu cha 258 kikisomwa na 265, ukomo wake ni kifungo cha miaka saba. Mfanyakazi aliyemwibia mwajiri wake, kifungu cha 271, ni hadi miaka kumi. Kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi, kifungu cha 311, ni hadi miaka kumi pia. Wizi wa ng'ombe au mbuzi unafika miaka 15. Ikiwa kuna silaha au kitisho cha silaha, hilo ni unyang'anyi wa kutumia silaha: kifungo kisichopungua miaka 30, na dhamana hakuna. Ukiacha hiyo ya silaha, hizi ni adhabu za juu kabisa. Mahakama ya Mwanzo yenyewe kwa kawaida haivuki kifungo cha miezi 12.

Kwa wizi, Jamhuri inapaswa kuthibitisha kwamba kilichochukuliwa kina mwenyewe, kwamba wewe ndiye uliyechukua, na kwamba ulichukua kwa nia ya ulaghai, bila haki. Kikikosekana kimoja, wizi haujathibitishwa. Ukiona kwenye hati maneno "uhujumu uchumi" au "kuisababishia mamlaka hasara", mahakama na masharti ya dhamana hubadilika. Hapo usikae hata wiki moja bila wakili.

Dhamana na wadhamini

Wizi wa kawaida una dhamana. Mahakama nyingi hutaka wadhamini wawili, kila mmoja na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa na nakala ya kitambulisho cha NIDA, pamoja na bondi (ahadi ya maandishi) ya kiasi kitakachotajwa. Barua iandikwe jina la mdhamini kama lilivyo kwenye kitambulisho. Tofauti ya herufi moja imewarudisha watu gereza la Lilungu kulala wiki nyingine. Mahakama ikitaka mali isiyohamishika, shamba la mikorosho lenye hati miliki ya kimila linaweza kufaa. Lisilo na hati, mtendaji aeleze ukubwa, mipaka na mmiliki, ila hakimu ana hiari ya kukubali au kukataa.

Kwa mali au fedha za thamani kubwa sheria humtaka mshtakiwa aweke nusu ya thamani, kwa fedha taslimu au mali. Mkiwa wanne kwenye hati moja, ombeni nusu hiyo mgawane badala ya kila mmoja kuweka yote. Mahakama ya Rufani imeshakubali kanuni hiyo. Masharti yakiwa magumu kupita kiasi, Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, inayohudumia mikoa yote miwili, inaweza kuombwa iyapunguze.

Mwambie mdhamini ukweli wa anachokibeba: usipotokea, ataitwa yeye, na kiasi cha bondi kinaweza kudaiwa kwake. Ukiugua tarehe ya kesi, mtu apeleke cheti cha hospitali asubuhi hiyohiyo. Ukitaka kwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua, omba ruhusa kwanza. Kesi ya Liwale au Nanyumbu inayoahirishwa kila baada ya wiki mbili hugharimu nauli na siku za kazi, na hapo ndipo watu huchoka na kutoroka. Hati ya kukamatwa ikishatoka, dhamana ya pili huwa ngumu.

Siku ya kusomewa mashtaka

Hakimu atasoma kosa na kukuuliza kama ni kweli. Jibu hili hufunga mlango kuliko lolote. Ukisema "ni kweli" na ukatiwa hatiani kwa kukiri, rufaa yako kwa kawaida itabaki kwenye ukubwa na uhalali wa adhabu tu. Na watu hujibu "ni kweli" wakimaanisha "ni kweli nilichukua", huku moyoni wanajua walichukua chao. Ukiwa na maelezo yoyote ya ziada, jibu lako ni "Si kweli." Kama tayari umesema "ni kweli", kuna nafasi ya pili: mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya tukio na utaulizwa kama unayakubali. Yasikilize neno kwa neno. Ukikataa sehemu inayogusa nia au umiliki, hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana.

Lugha ya mahakama ni Kiswahili, lakini kama mzazi wako mzee anaelewa Kimakonde, Kimwera au Kiyao vizuri zaidi, omba mkalimani papo hapo.

Baada ya hapo huja maelezo ya awali, ambapo mambo yasiyobishaniwa huandikwa. Kubali jina lako, kijiji na kazi. Usikubali kwa haraka kwamba "mali ilikutwa kwa mshtakiwa" kama ilikutwa kwenye uchochoro unaotumiwa na nyumba tatu.

Kujenga utetezi

Kesi nyingi husimama juu ya kanuni moja: umekutwa na mali iliyoibiwa karibuni, kwa hiyo wewe ndiye mwizi au uliipokea ukijua. Ili kanuni hii ifanye kazi, mali iwe imekutwa kwako, iwe imetambuliwa bila shaka kuwa ya mlalamikaji, iwe imeibiwa karibuni, na iwe ndiyo inayotajwa kwenye hati. Mara nyingi utambuzi ndio dhaifu. Korosho ni korosho. Shahidi anayesema "nazijua korosho zangu" hajatambua kitu. Anapaswa kueleza alama ya pekee kabla ya kuoneshwa kielelezo. Kwa hiyo muulize, kwa utaratibu huu:

"Ulipotoa taarifa polisi, ulitaja alama gani ya gunia?" Kisha: "Alama hiyo imeandikwa wapi kwenye maelezo yako?" Kisha: "Magunia ya aina hii hugawiwa na chama kwa wakulima wangapi?" Ukipata majibu hayo, kaa chini. Usiulize swali la nne ambalo hujui jibu lake.

Kwa simu, alama ni namba ya IMEI yenye tarakimu 15, inayoonekana ukibonyeza *#06#, ikilinganishwa na boksi au risiti. Kwa pikipiki ni namba ya chesisi na ya injini dhidi ya kadi. Kama ulinunua, utetezi wako ni hati ya mauziano yenye jina, namba ya kitambulisho na sahihi ya muuzaji, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenye kununua kangomba usiku hana karatasi hiyo, na biashara yenyewe imekatazwa, ndiyo maana wanunuzi hao huishia kushtakiwa kwa kosa la kupokea mali ya wizi hata pale ambapo hawakujua shamba zilikotoka.

Upungufu wa ghala unahitaji hesabu. Makatibu na wapima wa vyama vya msingi hushtakiwa kwa sababu kilo za ghala kuu hazikulingana na za kwao, na huenda mahakamani wakisema "sijui zilikopotelea". Chukua mfano. Chama kimepokea kilo 20,000 zikiwa na unyevu wa asilimia 10. Maana yake vitu vikavu ni kilo 18,000. Korosho zikakaa ghalani zikakauka hadi unyevu wa asilimia 8.5. Gawanya 18,000 kwa 0.915: unapata kama kilo 19,672. Hewa imechukua kilo 328 bila mkono wa mtu. Ghala kuu likipima 19,640, upungufu wa jumla ni kilo 360, lakini usio na maelezo ni kilo 32 tu, na hizo zinaweza kuelezwa na gunia lililochanika au mizani mbili zisizokubaliana.

Hesabu hiyo inasimama kama vipimo vya unyevu vya siku ya kupokea na siku ya kukabidhi viliandikwa. Kwa hiyo omba mahakama itoe wito kwa mtunza ghala alete daftari la mapokezi, hati za usafirishaji na tiketi za mizani, na ulizia kama mizani zote mbili zilikuwa na uhakiki hai wa Wakala wa Vipimo. Uliza pia nani mwingine alishika ufunguo. Kama funguo zilikuwa tatu na aliyeshtakiwa ni mmoja, swali hilo liulizwe kwa kila shahidi.

Utetezi mwingine ambao watu husahau ni dai la haki kwa nia njema, kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu. Warithi waliovuna mikorosho ya marehemu baba yao, mke aliyechukua vyombo alipoachika, kibarua aliyezuia mashine ya kupulizia hadi alipwe: wakiamini kwa dhati kwamba wana haki, na bila nia ya ulaghai, kosa la mali halisimami hata kama mwishoni mahakama ya madai itawaambia walikosea. Leta ushahidi wa imani hiyo: kikao cha ukoo, meseji za kudai mshahara, barua ya usimamizi wa mirathi. Na jambo lifanyike mchana, wazi. Aliyevuna usiku huwa na kazi kubwa ya kueleza imani yake.

Ukitegemea kwamba hukuwepo eneo la tukio, toa taarifa kwa mahakama kabla ya kusikilizwa kuanza, ukitaja ulikuwa wapi na nani. Ukiibua jambo hilo siku ya kujitetea, hakimu anaweza kutolipa uzito wowote. Na kama ulitambuliwa usiku, chimba mwanga: taa ya aina gani, umbali wa hatua ngapi, dakika ngapi, je shahidi alikutaja kwa jina alipofika polisi mara ya kwanza? Tangu 1980 Mahakama ya Rufani imekuwa ikionya kwamba utambuzi wa macho katika mazingira magumu ni dhaifu mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe.

Mambo mawili ya chumba cha mahakama huwaangusha wasio na wakili. Shahidi akisema jambo zito usilolikubali, muulize kuhusu hilo. Ukinyamaza, mahakama inaweza kuchukulia kwamba umelikubali. Na mwendesha mashtaka akitaka kutoa maelezo yako ya onyo kama kielelezo, pingamizi lisemwe wakati huohuo, kabla hayajapokelewa: "Nayapinga, sikuyatoa kwa hiari yangu," au "si maneno yangu." Ukingoja zamu yako ya kujitetea, umechelewa.

Wakili na wasaidizi wa kisheria

Mawakili wengi wa mikoa hii wako Mtwara mjini, Lindi na Masasi. Kubaliana malipo kwa maandishi: anafika hadi hatua gani, na nauli ni ya nani. Dai risiti. Kama uwezo hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu mahakama kuagiza upewe msaada; mwambie hakimu mapema. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wapo kwenye halmashauri, ulizia kwa ofisa maendeleo ya jamii. Hawasimami mahakamani kama mawakili, ila wanaandika barua, wanafuatilia dhamana na kufikisha ujumbe gerezani. Mtuhumiwa wa chini ya miaka 18 anapelekwa mahakama ya watoto na ofisa ustawi wa jamii anapaswa kuhusishwa. Mwenye cheti cha kuzaliwa akilete siku ya kwanza, kwani watoto wengi wamerundikwa na wakubwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Kinachoendelea nyumbani wakati kesi inasubiri

Mikorosho haisubiri dhamana. Ukiwa mahabusu kuanzia Juni na hakuna wa kupiga dawa ya salfa, ugonjwa wa ubwiri unga utakula maua na Oktoba hutakuwa na cha kupeleka ghalani. Wiki ya kwanza, andika barua ya kumwidhinisha mtu mmoja kusimamia palizi, salfa na mavuno, na chama chako cha msingi kipate nakala. Malipo yanaingia akaunti ya mkulima aliyesajiliwa, kwa hiyo panga mapema familia itakulaje. Usimpe mtu kadi na namba ya siri kwa kusukumwa na shida ya siku moja.

Mwajiri binafsi hana ruhusa ya kukufukuza kwa kosa lilelile unaloshtakiwa nalo kabla kesi na rufaa yake havijaisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 37(5), imekataza. Anaweza kukusimamisha ukiwa unalipwa. Akikufukuza, una siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa ahadi kwamba "tutaondoa kesi".

Ukitiwa hatiani, madhara hayaishi siku ya kutoka gerezani. Wizi ni kosa la kukosa uaminifu, na makosa ya aina hiyo huziba njia ya ubunge na nafasi nyingine za uongozi, na vyama vya ushirika navyo hukutazama kwa jicho hilohilo. Alama za vidole zilizochukuliwa polisi ndizo zinazotafutwa unapoomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi ya bandarini, ulinzi au safari ya nje.

Hukumu, na siku zinazohesabiwa

Ukitiwa hatiani, utapewa nafasi ya kuomba kupunguziwa adhabu. Usirudie kubisha kesi. Taja kwamba ni kosa la kwanza kama ni kweli, umri, wanaokutegemea, muda uliokaa mahabusu, na mali iliyorudishwa. Kama mahakama inaona kifungo kisichozidi miaka mitatu kinatosha, omba kifungo cha nje kwa kutumikia jamii, chini ya sheria ya 2002; ofisa wa huduma za uangalizi atahoji majirani, kwa hiyo mwenyekiti wako awe anapatikana kwa simu. Fidia inaweza kuongezwa juu ya adhabu.

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, toa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na wasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu hauhesabiwi, mradi uliiomba. Aliyeko gerezani ampe kusudio ofisa wa gereza na ahakikishe tarehe imeandikwa.

Na kama kesi imeisha bila kutiwa hatiani, uliza imeishaje. Kuondolewa na mwendesha mashtaka kabla hujajitetea si kuachiwa huru: unaweza kukamatwa tena kwa jambo hilohilo. Kuachiwa huru baada ya mahakama kuona huna kesi ya kujibu, au baada ya utetezi, ni jambo jingine. Omba nakala ya uamuzi iliyogongwa muhuri, moja ya kwako, moja ya mwajiri au chama cha msingi, moja ya ofisi ya kijiji. Dai mali yako iliyoshikwa kama kielelezo kwa kutumia hati ya ukamataji, na mdhamini arudishiwe hati yake ya shamba siku hiyohiyo, kabla karani hajafunga ofisi.